Wiley Crowe, Aliyeandikwa Burdett

Thurman Crowe alikuwa na miaka kumi na minne siku mwalimu alipomkalisha chini. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa watoto weusi wa wilaya yao, huko Kentucky, kupelekwa shule ya wazungu, na darasani mle walikuwa watatu tu. Somo lilikuwa vita vya Kaskazini na Kusini ya Marekani, vile vilivyokomesha utumwa. Mwalimu akauliza nani ana mzee wa ukoo aliyepigana, mikono ikainuka, na Thurman akainua wake. Akasema baba wa babu yake alikuwa askari wa farasi. Mwalimu akatabasamu, wala si kwa ubaya, akasema watu weusi katika vita vile walisafisha mazizi, na pengine hicho ndicho wazee wa Thurman walichomaanisha. Kisha akamwita mtoto mwingine.

Thurman alirudi nyumbani asimwambie mtu. Aliyekuja kuambiwa ni dada yake Ardella, tena miaka hamsini na mitano baadaye, katika wodi ya hospitali, siku ya tatu tangu kisukari kimchukue mguu wa kulia. Hakuwa analia. Alikuwa akitazama shuka pale lilipolala bapa.

"Nilijua nasema kweli," alisema. "Ila sikuwa na karatasi."

Ardella Minter alikuwa mwanamke wa kazi. Miaka thelathini na miwili alifua mashuka ya hospitali ile ile, na tangu astaafu mikono yake ilikuwa inamwasha kwa kukosa la kufanya. Hakuwa na elimu ya historia. Lakini kaka yake hakuwahi kumwomba kitu maishani, na hata siku ile hakuomba. Ardella alipanda gari lake akaenda moja kwa moja hadi maktaba ya wilaya.

Alichokuwa nacho ni kidogo. Jina lilikuwa Wiley Crowe. Shamba lilikuwa lile lile ambalo Thurman alikuwa angali akiishi, ekari thelathini na moja za mteremko, zamani zote tumbaku, sasa majani ya ng'ombe wa jirani. Nyuma ya shamba, penye mierezi mitatu, palikuwa na makaburi ya ukoo, na kaburi la Wiley lilikuwa na jiwe la mtoni lisilo na herufi hata moja. Mengine yote yalikuwa maneno ya wazee: alipanda farasi vitani, alirudi anachechemea, hakupenda kuzungumza.

Shamba ndilo lililoonekana kwanza. Ardella aliyakuta madaftari ya kodi, na humo Wiley Crowe alikuwa wazi kama mchana. Mwaka huu nyumbu mmoja wa kulimia, mwaka ule nyumbu mmoja na ng'ombe wawili, kisha nguruwe, kisha ghala la kukaushia tumbaku. Miaka thelathini ya madaftari, na hapakuwa na farasi hata mmoja. Kwenye orodha za jeshi, Wiley Crowe hakuwepo. Alitafuta Crow, Croe, Krow, kwa vikosi vyote vya watu weusi vya jimbo lile na majimbo ya jirani. Mwaka wa kwanza ukaisha. Kila Jumatano alikwenda kumpikia kaka yake maharage na mkate wa mahindi, na kila Jumatano Thurman, kwenye kiti chake cha magurudumu, alimwuliza lile lile.

"Haya, karani. Farasi ameonekana?"

"Bado yuko malishoni, kaka."

"Mwambie aharakishe. Mimi nimebaki na mguu mmoja na huo nao unawaza safari."

Alicheka mwenyewe, Ardella hakucheka. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba mwalimu yule alisema kweli.

Mlango ulifunguka bila kishindo, mwaka wa pili, mwezi wa Februari. Alikuwa amechoka kutafuta askari, akaamua kutafuta wagonjwa, yaani orodha ya wote walioomba pensheni ya jeshi kwa ajili ya majeraha. Katika kadi moja, kwa mwandiko wa kulalia kushoto, palikuwa pameandikwa: Crowe, Wiley, aliyetumikia kwa jina la Burdett. Chini yake namba ya kikosi cha wapanda farasi weusi. Chini zaidi: ombi lake, kisha ombi la mjane, Keziah. Na mbele ya yote mawili, muhuri wa neno moja: limekataliwa.

Ardella aliagiza jalada kutoka hifadhi ya nyaraka za taifa. Akisubiri, alirudi kwenye sensa ya watumwa ya miaka minne kabla Wiley hajaingia jeshini. Burdett alikuwa mmoja tu wilayani, mwenye ardhi kubwa kando ya kijito. Jina lake liliandikwa kwa mapambo. Chini yake palikuwa na mistari kumi na moja, na mistari ile haikuwa na majina. Ilikuwa na umri, jinsia na rangi. Mstari wa sita: miaka kumi na sita, mwanamume, mweusi. Akaweka kidole pale kwenye kioo cha mashine ya kusomea filamu za kumbukumbu. Huenda ni yeye. Mstari wa saba nao ulikuwa mwanamume, mweusi, miaka kumi na saba, na huenda huyo ndiye. Alikaa na kidole chake kati ya mistari miwili mpaka mkutubi akaja kumwambia kuna mtu anasubiri mashine.

Jalada lilifika kwenye bahasha nene, kurasa mia moja na nane. Hakulifungua peke yake. Alilipeleka kwa Thurman, akasukuma vyombo pembeni mwa meza, akaanza kusoma kwa sauti kwa sababu macho ya kaka yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa karatasi ya kuandikishwa. Wiley Burdett, miaka ishirini, mkulima, urefu futi tano na inchi saba. Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya msalaba. Ardella aliacha kusoma akamtazama kaka yake. Thurman alikuwa amefumba macho.

"Soma tena hapo penye kikosi," alisema.

Akasoma. Akasoma mara ya tatu.

"Farasi," alisema Thurman. "Si mazizi."

"Si mazizi, kaka."

Kisha akauliza yule mwalimu alikufa lini. Ardella akasema yapata miaka thelathini sasa. Thurman akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefika kituoni akaambiwa basi limeshaondoka, akamwambia aendelee.

Habari zilizofuata ziliwashika mchana wote. Katika milima ya Virginia, wakirudi nyuma baada ya kushindwa, farasi wa Wiley aliteleza mtoni akamwangukia. Nyonga ya kushoto ilivunjika ikaunga vibaya. Baada ya vita alilima kwa nusu ya mavuno kwenye shamba la mtu, mpaka akapata lake. Alipofika miaka arobaini na sita nyonga ilimshinda, akaomba pensheni. Ofisi ya pensheni ikajibu kwamba katika kikosi kile hakuna Wiley Crowe. Akajibu, kwa mkono wa mchungaji aliyemwandikia, kwamba Burdett lilikuwa jina la bwana wake. Karani wa jeshi alipomwuliza jina alisema Wiley, alipoulizwa Wiley wa nani alisema wa Burdett, na karani akaandika. Ofisi ikataka uthibitisho kwamba watu hao wawili ni mmoja. Ikataka tarehe yake ya kuzaliwa. Ikataka cheti cha ndoa yake na Keziah.

Majibu ya Wiley yalikuwa mafupi. Hatukupewa tarehe. Tulioana uani kwa bwana, waliotuona wamekufa. Jirani mmoja mzungu aliapa kwamba amemwona Crowe akipalilia tumbaku kwa magoti kwa sababu hawezi kuinama, naye ni mtu mkweli, lakini kama aliwahi kuwa askari yeye hajui. Miaka kumi na mitatu ikapita hivyo, barua kwenda, barua kurudi. Kisha Wiley akafa.

Keziah akaanza upya, kama mjane. Kila barua yake ilikuwa na mwandiko wa mtu mwingine, yeyote aliyekuwa karibu na anajua kuandika, na kila moja ilimalizika kwa msalaba wake. Barua ya tisa ilikuwa na mistari miwili tu: Bado niko hai. Nauliza tena.

Thurman aliomba maji. Ardella akamletea.

"Mwacheni mama wa watu apate," alisema, kana kwamba jambo lile lilikuwa bado halijaamuliwa. "Zimebaki kurasa ngapi?"

"Kumi."

Katika kumi zile ndimo alimokuwemo Peyton Rusk, askari mwenzake Wiley. Mkaguzi wa ofisi alikuwa amempata Kansas, mzee kipofu anayeishi kwa binti yake, na akaandika maneno yake chini ya kiapo. Rusk alisema alimjua Wiley vizuri, majira yote yale ya baridi walilala chini ya blanketi moja la farasi. Alisema ndiyo, jeshini alikuwa Burdett, lakini wakiwa wawili alijiita Crowe, kwa kuwa ndilo jina la baba yake, aliyeuzwa Mississippi Wiley akiwa bado mdogo. Alisema Wiley aliapa kuwa akitoka hai jina la Burdett ataliacha mtoni pamoja na mkongojo. Mkaguzi akaongeza kwa mkono wake: Shahidi ana akili timamu. Naamini utambulisho umethibitika.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa kipande cha karatasi. Mwombaji alifariki siku kumi na tisa kabla ya ushahidi kuandikwa. Jalada lifungwe.

Ardella aliviweka vile vikaratasi sawasawa, kingo kwa kingo. Hakuna ofisi ya kupigia simu kwa ajili ya jambo la miaka mia iliyopita. Hakuna wa kuchelewesha mazishi ya Keziah siku kumi na tisa. Alitamani kugombana na mtu, na wote wa kugombana nao walikuwa udongo.

Thurman ndiye aliyesema kuhusu jiwe. Alikuwa amesikia kwamba serikali inatoa jiwe la kaburi kwa askari wa zamani asiye na lake. Ardella alijaza fomu na kuambatisha nakala za kila kitu, ushahidi wa Rusk ukiwa juu. Jibu lilichukua miezi mitano. Ombi lilikuwa limekubaliwa. Ila jiwe litachongwa kwa jina lililo kwenye daftari la jeshi, na daftari lilisema Burdett. Alipiga simu. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mpole sana. Alimwonea huruma, akasema angekuwa yeye ndiye mwamuzi angeandika Crowe leo hii, lakini ushahidi ule ulifika jalada likiwa linafungwa na hakuna aliyewahi kuupitisha. Daftari halikurekebishwa, na hakuna tena mwenye mamlaka ya kulirekebisha. Asaini kukubali, au ombi lifutwe.

Jumatano ile maharage yaliungua.

"Yaani walichokataa kumpa kwa sababu ni Crowe," alisema Thurman, "sasa watampa akiwa Burdett."

"Niifute?"

Majira yale hali ya Thurman ilikuwa imeshuka. Mguu wa pili ulikuwa na kidonda kisichofunga, na daktari alikuwa ameacha kusema ni lini utapona. Alitazama dirishani, kule kwenye mierezi ambako kiti chake hakingeweza kupanda.

"Nimechoka na jiwe lisilo na kitu," alisema hatimaye. "Saini."

"Kaka, una hakika?"

"Sina. Saini hivyo hivyo."

Jiwe lilikuja Oktoba kwa lori, jeupe, zito, limefungwa kwa mbao. Vijana wanne wa kanisani walilipandisha mteremko, kisha wakarudi, wakambeba Thurman na kiti chake juu kwa juu, naye akawatania kwamba hajawahi kupanda farasi mwenye miguu minane. Walipolisimamisha jiwe, Ardella alimtazama kaka yake akilisoma. Wiley Burdett. Chini yake kikosi, na neno lile, wapanda farasi, limechongwa ndani kabisa. Thurman alinyoosha mkono akapitisha vidole juu ya neno lile la chini. La juu hakuligusa. Akasema baridi imemwingia, warudi.

Hakulizungumzia tena. Ardella aliandika barua mbili nyingine mwaka ule, moja kwa ofisi, moja kwa mbunge, na zote mbili zilijibiwa kwa heshima. Thurman alifariki mwezi wa Machi, tope likiwa jingi hata jeneza likabidi livutwe kwa trekta hadi kwenye mierezi. Akazikwa mistari miwili kutoka kwa baba wa babu yake.

Baada ya maombi, watu wakianza kuteremka, mama mmoja wa kanisani, mgeni kidogo pale, alisimama mbele ya jiwe jeupe akauliza Burdett huyu ni nani, mbona makaburi mengine yote ni ya akina Crowe. Ardella alifungua kinywa. Alianza na karani wa jeshi, akaona ni lazima aanze nyuma zaidi, na mama yule alikuwa anatetemeka ndani ya koti jepesi, viatu vyake vikizama.

"Ni wetu," alisema, akamshika mkono wasiteleze kwenye tope.