Alama Ndani ya Mfuniko

Arlene Hruska alikuwa na saa za mfukoni arobaini na tatu, na hakuna hata moja aliyoinunua kwa uzuri wake. Wakusanyaji wenzake wa Hollins, Pennsylvania, walibishania nambari za saa na idadi ya vito vidogo vilivyo ndani ya mashine yake. Yeye akitiwa mkononi saa ya reli hufungua kwanza mfuniko wa nyuma na kuchungulia ndani yake kwa lenzi, akitafuta herufi mbili, E.H., pamoja na mwezi na mwaka, zilizokwaruzwa kwa ncha ya sindano. Zikiwapo, analipa bila kuomba apunguziwe. Zisipokuwapo, anairudisha hata kama ni dhahabu tupu.

E.H. alikuwa baba yake, Emil, fundi aliyekagua saa za watu wa reli mjini hapo kwa miaka ishirini na sita. Dereva wa treni hakuruhusiwa kujirekebishia saa yake. Mara moja kwa mwaka aliipeleka kwa Emil, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikatiwa mafuta, kisha Emil akasaini kadi yake ya ukaguzi. Kadi ilikuwa mali ya kampuni ya reli. Ule mkwaruzo ulikuwa desturi ya mafundi wenyewe, mmoja akimwachia mwenzake habari kwamba siku fulani nilipita hapa. Wakubwa wa reli hawakuujua, wala hawakuuliza.

Novemba 1951, treni ya mizigo ya Wendell Mabry iligongana uso kwa uso na ya abiria, maili sita nje ya mji. Saa ya Mabry ilikuwa nyuma dakika nne, akadhani bado ana muda wa kufika njia ya kupishana. Walikufa watu wawili. Kadi yake ilisema saa imesafishwa Septemba, na sahihi ya Emil Hruska hiyo hapo. Basi ikaamuliwa kwamba Mabry aliichezea, au alilewa akasahau kuitia ufunguo. Akafukuzwa kazi, akaishia kufagia kiwanda cha matofali, na jina la muuaji likamfuata mpaka kaburini.

Lakini mji hauna mdomo mmoja. Wapo walionong'ona kwamba Hruska, kazi zikimzidi, alikuwa akisaini kadi bila kufungua saa. Arlene alilisikia hilo shuleni akiwa na miaka tisa, akamng'ata sikio aliyelisema. Alimpenda baba yake kupita kiasi. Tangu hapo alitaka saa moja tu duniani, ya Mabry, aione alama ya Septemba 1951 kwa macho yake, awafumbe watu midomo. Hizo arobaini na tatu alizikuta njiani tu. Alitafuta na kadi za zamani za saa hizo, akazilinganisha na mifuniko moja moja. Hakuna kadi iliyokosa mkwaruzo wake.

Jumamosi moja ya Machi 2019, wakusanyaji walikutana kama kawaida katika chumba cha chini cha kanisa la Walutheri. Arlene aliketi meza moja na Norbert Yost, kondakta mstaafu wa treni.

"Leo umepata ngapi?" Norbert aliuliza.

"Hata moja."

"Basi nunua hii yangu. Herufi zako nitakukwaruzia kwa msumari, bure."

"Ukikwaruza wewe itasomeka mpaka Ohio. Kula mkate wako, mzee."

Akaja mwanamume wa miaka hamsini hivi, ameshika soksi yenye kitu kizito ndani.

"Samahani, mama, nimeelekezwa kwako. Naitwa Curtis. Mama yangu, Corinne, anahamia nyumba ya wazee, tumeikuta hii kwenye droo yake. Anauliza kama itatembea tena."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya babu, baba yake mama. Wendell Mabry."

Norbert aliacha kutafuna.

"Imewahi kufunguliwa?" Arlene aliuliza.

"Na nani? Tangu reli walipoirudisha haijatoka kwenye droo."

Arlene akazungusha mfuniko ukatoka. E.H., Septemba 48. Septemba 49. Septemba 50. Baada ya hapo, chuma kitupu. Akaufuta kwa upindo wa blauzi, akausogeza kwenye taa, akatazama ukingoni. Mafuta ndani yalikuwa yamekauka, lakini hilo halikumwambia kitu. Miaka sitini na minane hukausha mafuta yoyote. Labda baba alisahau kukwaruza, akajiambia. Hapo ndipo saa zake mwenyewe zilipomgeuka. Alikuwa ametumia umri wake wote kukusanya ushahidi kwamba Emil Hruska hakuwahi kusahau. Sasa akaelewa kwa nini jina la Mabry halikutajwa kamwe nyumbani kwao. Kikulacho ki nguoni mwako. Ilimuuma, tena sana.

"Arlene," Norbert alinong'ona, "mwambie springi imekatika. Basi. Wenyewe wote wameshakufa."

Angeweza. Mle chumbani hakuna mwingine ambaye angejisumbua kuusoma mfuniko ule. Angefunika kombe mwanaharamu apite.

"Mwanangu, keti," alimwambia Curtis. "Babu yako hakuichezea saa hii. Baba yangu alisaini kadi bila kuifungua."

"Umejuaje?"

Akampa lenzi. Akafungua na sanduku lake, akamwonyesha saa moja, ya pili, ya tatu, mpaka Curtis akasema inatosha.

"Mama alikuwa na miaka kumi na minne," Curtis alisema. "Alitemewa mate kwenye mlango wa kanisa."

"Najua. Mimi siku hizo nilikuwa natembea kichwa juu."

Curtis akatoa simu, akampigia mama yake, akaisukuma katikati ya meza. "Mwambie mwenyewe."

Arlene akapiga moyo konde. "Bi Corinne, ni Arlene Hruska, binti wa fundi saa." Akaeleza yote, bila kumtafutia baba yake udhuru.

"Sema tena," alisema yule bibi kizee. "Polepole. Anza na jina la baba yangu."

"Wendell Mabry hakuwa na kosa," alisema Arlene. "Mwenye kosa ni Emil Hruska."