Kisu Kisichofungwa Kamba

Mume wangu Lemburis alirudi kutoka vita vya Burma na vitu viwili, koti la jeshi na kisu cha kukunja. Wenzake walirudi na gramafoni, wengine na baiskeli, mmoja alirudi na jino la dhahabu. Wangu mimi alirudi na koti na kisu. Maringo siyahesabu, maana hayo alikwenda nayo.

Alizaliwa hapa hapa juu ya Ngaramtoni, akakulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Ujanani aliswaga maksai wa plau kwa mzungu mmoja wa kahawa kule karibu na Makumira, miaka sita, mpaka Waingereza walipokuja kuandikisha askari wa keya kwa ajili ya vita naye akaenda. Alikuwa mtu mrefu, mkimya mbele za watu, mbishi nyumbani. Akisema jambo limekwisha, limekwisha, hata kama nyumba inaungua. Nilimpenda, msinielewe vibaya. Lakini ubishi wake, jamani, ubishi wake!

Sasa kile kisu. Kilikuwa kizito, chuma kitupu, na mkiani kilikuwa na pete. Mzungu aliyekitengeneza alijua kabisa kwamba kisu ni kitu cha kupotea, ndiyo maana akakitilia pete ya kufungia kamba. Nikamwambia, "Baba Kandida, si ufunge ugwe hapo, ukining'inize kwenye mkanda?"

"Mimi si mbuzi wa kufungwa kamba," akanijibu.

Basi kisu kikawa kinalala ovyo ndani ya mfuko wa koti, pamoja na tumbaku na misumari na sijui takataka gani. Akitembea unakisikia kinagonga misumari. Siku moja kilifunguka chenyewe humo ndani, akatia mkono kutafuta tumbaku, kikamkata kidole mpaka mfupa ukaonekana. Unadhani alijifunza? Alikisifu! Eti kisu kikali namna hii utakipata wapi. Mfuko nao ukaanza kuchanika. Nikasema lete koti nishone. Akasema koti la vita halishikwi na mwanamke. Haya. Na kwetu sisi wakati ule mke hakutia mkono mfukoni mwa mume, hata mume akiwa amelala. Nikauacha mfuko uchanike.

Lakini haki yake nimpe: kwa kisu kile aliponya ng'ombe wengi. Ng'ombe akila majani mabichi yenye umande, ya maharage hasa, tumbo hujaa upepo, likavimba upande wa kushoto mpaka ngozi ikakaza, na usipomwahi anakufa mbele yako. Dawa yake ni kumchoma. Kuna kibonde kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, upande huo huo wa kushoto. Kisu kinaingia hapo, upepo unatoka kwa kelele, ng'ombe anapona. Watu walikuja kumwita Lemburis hata kutoka Kisongo. Nilimwona akichoma mara nyingi, na mahali penyewe ningepaonyesha nikiwa nimefumba macho. Ila kuchoma ng'ombe ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke anakamua, hatii chuma kwenye ng'ombe aliye hai. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Mwaka ninaousema, binti yetu Kandida alikufa akijifungua. Tulikuwa na huyo mmoja tu. Mwanamume aliyemwoa alikuwa amekwenda Tanga kwenye mkonge, na hata barua ya msiba hakuijibu. Akabaki mtoto, msichana, tukamwita Soila, mdogo kiasi kwamba Lemburis alimshika kwa viganja viwili akaogopa kupumua. Mimi nilikuwa nimeshapita umri wa kunyonyesha. Tukamjaribu kwa maziwa ya kopo kutoka dukani kwa Jamaludin, akaharisha siku tatu, tukadhani tunamzika na yeye. Kilichomkubali tumboni kilikuwa kimoja tu, maziwa ya ng'ombe wetu mweusi, Narok, yaliyochemshwa na kuchanganywa na maji. Na Narok ndiye ng'ombe pekee mwenye maziwa aliyekuwa amebaki huku juu. Mvua zilikuwa zimechelewa, wanaume wakashusha mifugo yote kwenye mbuga za Kisongo, wakakaa huko huko na sime zao. Sisi tulimbakiza Narok kwa ajili ya mtoto. Asubuhi kikombe, jioni kikombe, basi. Narok akiishi, Soila anaishi. Hatukuhitaji mtu wa kutuambia.

Mvua ikaja, maharage yakaota. Sasa nafika kwenye kosa langu, na nalisema mwenyewe kabla sijasemewa. Asubuhi moja nilitoka zizini na kibuyu cha maziwa, mtoto analia ndani, nikavuta tawi la miba kuziba mlango wa zizi kwa mkono mmoja, nikakimbia. Sikulikaza. Nilipomaliza kumnywesha mtoto nikatoka nje, namwona Narok katikati ya shamba la maharage, umande ungali juu ya majani, anakula kama mtu aliyealikwa.

Nikamtoa kwa fimbo. Wapi! Jua halijapanda vizuri, ubavu wa kushoto umekwisha kuinuka, anakoroma, ulimi nje, mate yanachuruzika.

"Baba Kandida! Narok amevimba! Njoo na kisu!"

Akaja mbio, koti mwilini. Akatia mkono mfuko wa kulia. Akatia wa kushoto. Akarudia wa kulia, akaugeuza nje. Tumbaku, msumari mmoja, na tundu la kupita ngumi.

"Kimedondoka," akasema.

"Kimedondoka wapi?"

"Sokoni, jana. Nilikata tumbaku pale kwenye gogo la wauza ngozi. Hapo ndipo nilipokishika mara ya mwisho."

"Yesu na Maria! Chukua hata kitu kingine!"

Kitu gani? Sime yake alimpa mdogo wake alipotoka vitani, eti mtu mstaarabu hutembea na kisu cha kukunja. Kisu changu cha jikoni kilikuwa kimevunjika ncha, kimebaki kipande butu cha kumenyea ndizi. Panga lilikuwepo, lakini panga linakata, halichomi. Ukimpasua ng'ombe tumbo kwa panga umemchinja.

"Nakwenda," akasema Lemburis. "Nisipokiona nitaazima sime kwa yeyote." Akavua koti ili akimbie vizuri, akalitupa kwenye nyasi, akashika njia ya Ngaramtoni.

Mimi nikabaki na ng'ombe. Nilimnywesha samli yote niliyokuwa nayo. Nikamfunga kijiti mdomoni apate kucheua. Nikamsukuma apande kilima, maana akisimama kichwa juu upepo huweza kutoka wenyewe. Hakupanda. Nikapiga yowe, na aliyekuja ni mama Aminiel peke yake, jirani yetu, mimba ya miezi minane, amelishika tumbo kwa mikono miwili.

"Wanaume wako wapi?" ananiuliza.

Mwanamke wewe! Wanaume si wako Kisongo, na mumeo mmojawapo?

Ndani mtoto akaanza kulia. Mama Aminiel akaenda kumchukua, na aliporudi naye akaokota lile koti amfunike, kwa kuwa kulikuwa na baridi ya mvua. Akasimama, akalipima kwa mkono. "Mama Kandida, mbona koti hili lina jiwe?"

Nikalinyakua. Nikapapasa upindo wa chini, nyuma kabisa. Kisu kilikuwa humo. Kilipita kwenye tundu la mfuko kikaangukia ndani ya bitana, kikatembea mpaka mgongoni, na tangu jana mume wangu alikuwa akikaa juu yake. Nikapasua bitana kwa meno. Nikamwita Lemburis mpaka koo likauma. Alikwisha kuvuka kijito, hasikii.

Haya. Kisu ninacho, ng'ombe ninaye, mahali pa kuchoma napajua. Nikafanya nini? Nikasubiri. Nilisimama pale na kisu mkononi naangalia njia, namngoja mwanamume aje atie chuma. Hilo linaniuma mpaka leo, kuliko hata lile tawi la miba. Mama Aminiel naye hakuniambia nichome, alikuwa anaangalia njia vile vile. Wanawake wawili wenye akili timamu, tumeangalia njia mpaka Narok akayumba, akapiga magoti.

Hapo nikasema liwalo na liwe. Kisu kikagoma kufunguka. Tumbaku na kutu vilikuwa vimeshikamana kwenye maungio, ukucha wangu ukang'oka, nikakivuta kwa meno, likavunjika jino hili hapa, mnaliona. Kikafunguka. Na Narok akaanguka, akalalia upande wa kushoto. Pale pa kuchoma pakawa chini, pameshikwa na ardhi. Tukamsukuma tumgeuze, mimi kwa mgongo, mama Aminiel kwa mikono, namkataza na tumbo lake lile, hasikii. Ng'ombe hakusogea hata kidogo. Nikamchoma upande wa kulia, nikijua si penyewe. Ikatoka damu, upepo haukutoka. Nikachoma tena, nalia, namwomba msamaha kana kwamba ni mtu. Akanyoosha miguu, akafa.

Lemburis alirudi anahema, ameshika sime ya kuazima. Akamwona ng'ombe. Akaona kisu mkononi mwangu na koti lililopasuliwa. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, maneno ya miaka yote, nimeyapanga. Akakaa chini kwenye matope, akasema, "Nilikuwa nimelivaa."

Mtoto alikuwa bado analia. Nikachukua kibuyu, nikachuchumaa, nikashika chuchu za Narok. Kiwele kilikuwa na joto bado. Mama Aminiel akageuza uso, kwa kuwa jambo hilo kwetu halifanywi, kukamua mzoga. Nikamtazama mume wangu, nikingoja anikataze.

"Kamua," akasema.

Nikakamua. Yalitoka kidogo kidogo, yakakoma, nikapata nusu kikombe. Nikayachemsha, nikampa mtoto kijiko kimoja, napumzika, kijiko kingine, napumzika, nikiyavuta siku nzima. Kesho yake asubuhi kikombe kilikuwa kikavu na sauti ya mtoto imepungua. Alipokuwa akilia sana nilikuwa na hasira. Alipoanza kunyamaza ndipo nilipoogopa.

Lemburis akaja akanigeuzia mgongo. "Nifunge mtoto."

"Nini?"

"Nifunge mtoto mgongoni. Nakwenda Kisongo kwenye ng'ombe."

"Nitakwenda mimi!"

"Miguu yako mifupi, Mama Kandida. Nifunge."

Nikamfunga, kwa kanga ya marehemu Kandida. Hakuna mtu aliyewahi kuona mwanamume wa kwetu amebeba mtoto mgongoni. Alipita katikati ya Ngaramtoni mchana kweupe, keya mzima aliyepigana Burma, na watu walicheka, waliniambia baadaye waliocheka. Kule mbugani akaenda boma kwa boma akisema, "Naomba maziwa." Mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kuomba hata kaa la moto kwa jirani.

Alirudi siku ya tatu na kanga tupu, ameikunja vizuri, ameibana kwapani. Nilipoiona nikapiga yowe la msiba pale mlangoni.

"Yu hai!" akasema upesi. "Mama Kandida, nisikilize, yu hai. Ananyonya."

Akanieleza. Maziwa ya ng'ombe wa mbugani mtoto aliyatapika, boma la kwanza, la pili, la tatu. Jioni alikuwa hafungui tena macho. Akafika kwa mtu mmoja anaitwa Koikai, ambaye mkewe Nosim alikuwa amefiwa na mtoto siku nne tu zilizopita, na maziwa yake bado yanamwagika. Nosim akampokea Soila, akamtia ziwani, mtoto akanyonya. Alipomaliza ziwa la kwanza Nosim akamtazama Lemburis, akamwambia, "Mzee, mimi simnyonyeshi mtoto wa kuazima. Nimepoteza mmoja wiki hii. Siwezi kumlea huyu anizoee, halafu mje mmchukue. Kama ni wangu, ni wangu siku zote, na asiambiwe. Kama ni wenu, mchukue sasa hivi."

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikasema ni wake."

"Hukuniuliza!"

"Ningekuuliza wapi? Alikuwa hafungui macho."

Nilimpiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, mwanamke kumpiga mumewe uani mchana, na hakujikinga. Nilimwita muuza watoto, nikamwita mengine nisiyoyarudia. Sikusema naye mpaka maharage yalipovunwa. Kisha siku moja nikamwekea chakula nikasema, "Kula," kwa sababu nilikuwa nimewaza kila namna, na kila namna ningefika kwa Nosim yule yule na kusema vile vile.

Mwaka jana nimemzika Lemburis. Soila ana miaka saba. Tumelishika neno, hakuna aliyemwambia. Nosim huja naye sokoni Ngaramtoni, amemvalisha shanga vizuri, amenenepa, ana pua ya Kandida. Nami huenda sokoni kila siku ya soko, hata nikiwa sina cha kununua. Ni mtoto mwenye adabu. Akinikuta njiani hunijia, huinamisha kichwa nimguse utosini, kama anavyomwinamia mzee yeyote, kisha hukimbilia kwa mama yake.