Betri Nyepesi ya Mzee Komba

Mnisamehe, nasimulia nikiwa hoi. Mzee Komba, tunayefanya naye kazi kiwandani katika mji wa Fridley, huku ughaibuni kwenye baridi kali, alinituma nimchagulie betri ya kifaa chake cha kuonyesha samaki chini ya barafu.

"Iwe nyepesi, mwanangu. Mgongo umekwisha."

Nikanunua kabetri kadogo, nikakasifu wiki nzima.

Jumamosi nikatoka zamu moja kwa moja hadi ziwani, kuvua naye samaki. Tukaketi juu ya ziwa lililoganda barafu, kando ya tundu la kuvulia, baridi ikanizidi. Nikachomeka kimyakimya waya uliotoka kifuani mwa kizibao changu cha kupasha joto kwenye betri ile ile. Punde skrini ya kifaa ikazima.

"Wametuuzia takataka, Mzee!" nikalalamika.

"Basi tukairudishe."

Akaibeba betri, akaanza kuondoka. Nami nikavutwa nyuma yake, kifua mbele, kama mbuzi anayepelekwa mnadani.