Nani Yuko Ng'ambo ya Laga

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya maji Lodwar, Meneja wa Mitambo alinionyesha laga, ule mto wa mchanga mkavu, kisha akanionyesha jua. "Usidanganywe na hili jua," aliniambia. "Mvua ikinyesha kule milimani, maji yatatufikia hapa mchana kweupe." Kazi yangu ilikuwa kubuni zana za dharura, yaani kitu cha kumwonyesha mtu wa zamu ni pampu ipi iokolewe kwanza mafuriko yakija.

Nilitengeneza bodi ya chuma. Kila pampu ilikuwa na taa yake: nyekundu, iko hatarini; kijani, imezimwa na mota yake imepandishwa jukwaani. Niliringa nayo, nisiseme uongo.

Nilipohamishiwa Kakuma nilikwenda nayo. Mhudumu wa pampu ya ng'ambo alikuwa Ekiru, mtu wa mizaha. Adhuhuri moja redio ikaita: maji yanashuka. Ekiru akavuka laga kwa miguu, na punde taa yake ikageuka kijani. Tukapiga makofi. Msimamizi wa Kituo, mzee mkali kweli, akaagiza chai.

Chai haijapoa, mke wa Ekiru akasimama mlangoni.

"Pampu imepona?"

"Imepona, mama," Msimamizi akajibu kwa furaha.

"Na baba Lokwang ako wapi?"

Sote tukageukia bodi. Ekiru hakuwa na taa. Nje, laga ilikuwa imejaa, inabeba miti mizima.

Maji yalipopungua kesho yake, tulimkuta juu ya jukwaa, ameikumbatia mota, midomo imemkauka.

"Taa ilikuwa kijani?" akauliza.

Mkewe alimpiga kofi la bega, kisha akalia. Nami nililia.

Msimamizi alikata vipande vya bati kwa mkono wake mwenyewe, kila mhudumu na chake. "Anayevuka aning'inize bati lake kwenye bodi. Lisipoondolewa na mwenyewe, hakuna kusema tuko salama."

"Na kama hakuna muda wa kuvuka?" nikauliza.

"Mota iende na maji."

Sasa nimestaafu, niko Kanamkemer. Vijana wamehamishia bodi kwenye simu na kufuta mengi niliyoyapenda, lakini mabati wameyaacha, yamekuwa vialama vya majina. Hata hivyo, mawingu yakikaa milimani situlii. Nampigia Lokwang, mtoto wa Ekiru, ambaye siku hizi ndiye mtu wa zamu Kakuma.

"Ejok, ni salama, mama," aliniambia juzi, kabla sijauliza chochote. "Pampu mbili zimeenda. Lakini sisi wote tuko huku."