Chuma cha Kugeuza Treni

Bwana yangu alifanya kazi ya reli kule Katanga. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta chuma kinachohamisha treni kutoka reli moja kwenda nyingine, akikanyage kwa mguu, kisha aombe Mungu kisirudi wakati mabehewa yanapita. Akija likizo kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, alikuwa akishtuka usingizini na kukanyaga ukuta. Nilimwambia aiache kazi hiyo, turudi kwenye samaki wetu. Akacheka tu. Alisema muzungu analeta chuma kipya kinachojifunga chenyewe, hakitaki mguu wa mutu, na treni haitapunguza mwendo tena. Mwenzake wa kijiji cha jirani alikwisha kuchaguliwa kujifunza hicho kipya. Wangu alibaki na cha zamani. Iliniuma, sifichi.

Ndipo mashua ya wachuuzi wa samaki ikaleta habari kutoka Kasenga, upande wa Katanga: mutu wa ziwa letu amekufa kwenye chuma cha zamani. Jina hawakulijua.

Sasa nani asingejua ni nani? Mama mukwe akaja na maji kuuzima moto wangu, maana kwetu nyumba yenye kifo haipiki. Nikasimama mbele ya mafiga kumzuia.

"Mayo, mama, ukiuzima, umemuzika mutoto wako mwenyewe."

Mukwe hasemeshwi hivyo, najua. Akaketi chini, chombo cha maji mkononi.

Mke wa yule mwenzake alikuja na ubwali wa moto, ugali wetu, akanilisha kwa mkono wake. Akashinda nami, akalala nami. Nilimwonea wivu hata pale, maana bwana yake alikuwa na chuma kipya. Kila injini ya mashua ikisikika ziwani, nilitoka mlangoni kutazama.

Siku bwana yangu aliposhuka mashuani kwa miguu yake miwili, nilidhani nimerukwa na akili. Lakini hakunitazama. Alipiga magoti mbele ya mwenzangu, mke wa mwenzake, macho chini. Alieleza kwamba walikuwa waking'oa cha zamani ili kipya kiwekwe, na mwenzake, kwa sababu alikijua kipya, aliitwa kusaidia. Treni ya mwisho ilipopita, chuma alichokuwa amekikanyaga kikarudi, mabehewa yakamwangukia.

"Shemeji, ni bwana yako."

Mimi nilikuwa nimeanza kulia kwa furaha, Mungu anisamehe. Naona maneno yalikuwa hayajamfikia mwenzangu. Alinivuta kifuani, akanipapasa mgongo, akaniambia ninyamaze, hataniacha peke yangu.