Nilivyomjazia kaka yangu "previous experience" nikamzika mzima

Wakuu, salamu kwenu. Kisa hiki hata mke wangu nilimficha miaka mingi. Sijaongeza chumvi, na mtaona kwa nini nisingependa kuongeza.

Miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa Mwanza, nilirudi kutoka nje na diploma yangu. Nilijitangaza kuwa nimejitengeneza mwenyewe. Ada ya sekondari ililipwa na kaka yangu Mafuru kwa samaki wa chumvi, ila hilo sikulitaja.

Pale mtaani kwetu Mkuyuni, mwenye fomu ya Kiingereza alikuwa analetwa kwangu. Na lazima nimpe somo kwanza!

Neno nililolipenda ni "previous". Previous address, ulikokuwa unaishi kabla ya hapa. Previous employer, aliyekuajiri kabla. Our previous letter, barua yetu iliyotangulia. Watu wanatikisa vichwa, nami navimba.

Nikapata kazi ofisini kwenye kiwanda kimoja, namtafsiria meneja mgeni. Ikatokea nafasi ya kukagua samaki getini. Kaka akaja kutoka Mara na fomu mkononi.

Huyu mtu alinunua na kukausha samaki miaka kumi na tisa. Anafunua shavu, anabonyeza mgongo kwa kidole gumba, anakwambia huyu alifia wavuni jana asubuhi. Hakosei.

"Msomi, jaza vizuri hapo penye mambo ya nyuma," akacheka. "Usije ukaniandika mchawi."

Nikafika kwenye previous experience, uzoefu wa kazi wa nyuma. Cheti hana, mwajiri hana, mikono imepasuka kwa chumvi. Niliona haya meneja ajue huyu ndiye ndugu yangu.

Nikaandika "Nil", yaani hakuna kitu.

Kisha nikamwambia, "Kaka, kule ofisini tusijuane, watasema napendelea." Akakubali.

Siku ya usaili meneja akasoma. "No previous experience?" Alikuwa ananitazama nimuulize kaka.

Sikumuuliza. Nilijibu mwenyewe kwamba hana: "None, sir."

"Amesemaje?" kaka akanong'ona.

"Anasema atafikiria."

Akapewa kubeba barafu. Miezi mitatu akasukuma toroli mbele ya dirisha langu. Mimi mdogo ndiye wa kumpa shikamoo, lakini kila akipita nilikuwa nainamia karatasi.

Siku moja likaja lori la mzigo uliovushwa kwa kivuko cha Kigongo. Mkaguzi ameshapitisha. Kaka akasimamisha toroli, akanusa maji yaliyochuruzika chini ya lori.

"Hawa wa chini ni wa juzi. Barafu ndiyo ya leo."

"Wewe sukuma barafu yako, mzee!" mkaguzi akamfokea.

Wakapakua. Wa chini wote wameharibika. Meneja akashuka mbio, akaniambia nimuulize huyu mzee amejifunzia wapi.

Nikamuuliza. Kaka akanishangaa. "Si uliandika kwenye fomu, mdogo wangu?"

Wakuu, niligeuka nikajifanya nahesabu samaki. Karani mwenzangu ndiye aliyetafsiri, hadi hilo la "mdogo wangu". Meneja akaagiza faili, akaweka kidole pale, akamgeuzia kaka.

Kaka Kiingereza hajui, ila kuhesabu herufi anajua.

"Haka kaneno," akauliza taratibu, "ndiyo miaka kumi na tisa?"

Hakuna aliyenifukuza kazi. Kaka alihamishiwa getini siku hiyohiyo, na wakaguzi wote wakafundishwa na yeye. Nilipomwomba radhi alisema, "Yameisha," akanawa mikono, tukala.

Lakini tangu siku hiyo hajaniletea karatasi tena. Hata barua ya shule ya mwanawe alipanda nayo gari hadi Igoma, akasomewe na binti mmoja aliyeishia darasa la saba. Mlango wangu aliupita.

Nilichojifunza: ukishika kalamu ya mtu asiyesoma, umeshika maisha yake. Muulize, andika anachosema, kisha msomee.

Kama na wewe uliwahi kumkana mtu aliyekubeba, andika hapo chini. Matusi pia nitayasoma, ninayastahili.