Salamu Niliyoipita kwa Bibi Sabina

Siku ile siisahau, mwanangu, ingawa ningependa. Nasikia sasa unawatembeza wageni kwa miguu mitaa ya zamani ya Kasulu, simu mkononi. Vizuri, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kaa kwanza unisikilize.

Nilikuwa msichana, nimeshaposwa. Shangazi wa kijana aliyeniposa alitoka Kibondo na dada wawili wa kijana huyo, wakaja kunitazama. Mama akasema niwazungushe mtaani wakati chakula kinaiva. Nami nilitaka wajue kwamba maneno ninayo. Nikawaonyesha soko lilikoanzia, nani alihamia kutoka wapi, nani aligombana na nani. Shangazi akawa anaitikia, ameridhika. Nikavimba kichwa.

Tukafika kwa Bibi Sabina, mama aliyekimbilia huku kutoka Burundi kabla sijazaliwa. Alikuwa uani anapepeta maharage. Nikasimama njiani, nikanyoosha kidole.

"Hii ndiyo nyumba ya kwanza kuezekwa bati mtaa huu. Na yule bibi ni mkongwe kuliko bati lenyewe."

Wale dada wakacheka. Ulimi hauna mfupa.

Bibi akaweka ungo chini. Kwetu unajua, mdogo ndiye huinama akapiga makofi kumwamkia mkubwa. Basi yule mzee akapiga magoti vumbini, akanipigia makofi mimi, taratibu.

"Mwidiwe," akaniamkia kwa Kiha. "Umepita hujanisalimu, nikajua leo mimi ndiye mdogo."

Kicheko kikakatika. Shangazi akavua viatu, akaingia uani, akamwinua, kisha akainama yeye, akamwamkia. Wakaketi wakiongea Kiha kama ndugu. Mimi hakuna aliyeniita. Nilibaki njiani nimeshika mkoba wa shangazi, sijui nitazame wapi.

Jioni shangazi aliaga vizuri sana, na ile posa haikutajwa tena. Mama alishasikia yaliyotokea.

Nilirudi kwa Bibi Sabina nikapiga magoti. Alinipokea, hata ungo akanipa nimsaidie. Lakini aibu haikutoka, mwanangu. Mpaka uzee huu nikipita pale uso unawaka.

Sasa sikia. Ukifika na wageni wako kwenye ua wa mtu, inama usalimu kwanza, ndipo useme habari za nyumba yake. Asipotaka kusemwa, pita kimya. Ukuta hauoni haya, mwenye ukuta anaona.

Mungu akupe goti jepesi na ulimi mzito, na kila mlango utakaoupita ukuitikie kwa heri.